Waairishi Waliompigania Kaburu

Mtaje Kaburu mbele ya Mswahili, naye atafikiria ubaguzi wa rangi moja kwa moja. Ndiyo maana inashangaza kwamba vita vya 1899 hadi 1902, Uingereza ilipopambana na jamhuri za Makaburu za Transvaal na Orange Free State huko Afrika Kusini, viliwavuta wageni kutoka Ireland, Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani, Urusi na kwingineko, wakajitolea kumpigania Kaburu kwa jina la uhuru.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Makaburu ndio walioanza kuvuka mipaka, sawa, lakini Uingereza ilikuwa imeshaanza kujaza askari jirani, na dhahabu ya Witwatersrand, huko Transvaal, kila mtu aliijua. Baadaye jeshi la Kiingereza lilichoma mashamba na kufungia familia kambini, wakafa wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 20,000. Kwa Mwairishi aliyekulia chini ya bendera hiyohiyo, adui alikuwa mmoja tu.

Ila Waairishi walikuwa pande zote mbili. Kule Colenso, Desemba 15, 1899, jenerali Hart wa jeshi la Uingereza aliwapeleka askari wake wa Kiairishi wamebanana safu kwa safu hadi kwenye kona ya mto Tugela, wakamiminiwa risasi kutoka pande tatu. Upande wa pili, wa Makaburu, alikuwepo Mwairishi John MacBride na brigedi yake ya Waairishi waliojitolea. Ukombozi wa aina gani huo, wa kuanza na ndugu zako?

Hilo bado si zito kuliko lingine. Katiba ya Transvaal ya 1858 ilikataa waziwazi usawa wa mweusi na mweupe, kanisani na serikalini. MacBride hakuwa mgeni wa jana: alifika 1896, akafanya kazi kwenye migodi ya dhahabu. Watu weusi aliwaona kila siku. Vitani pia walikuwepo, wakiwashikia Makaburu farasi, wakiwapikia. Utetezi wa kwamba wageni hao hawakujua siukubali.

Walakini sioni Uingereza ikipata haki ya kuwasuta. Waafrika nao walikufa kwa maelfu katika kambi zake, na mkataba wa Vereeniging uliomaliza vita, wa Mei 31, 1902, kifungu cha 8, uliahirisha suala la kura ya Mwafrika mpaka wazungu wa huko wapewe serikali yao. Wapewe kwanza, kisha waamue wenyewe.