Ua Lililochumwa Kibada

Baba mdogo alipomaliza kupiga plasta nyumba yake ya Kibada, Kigamboni, alitaka madirisha yazungushiwe urembo: maua, vichala vya zabibu, na juu kabisa kitu alichokiita "taji". Fundi wa nakshi za saruji akataja bei, baba mdogo akaguna. Seremala akasema mninga, baba mdogo akacheka kabisa. Ndipo kijana aliyekuwa anamalizia dari la sebuleni akashuka kwenye ngazi: "Mzee wangu, mbona jipsamu imebaki nyingi tu?"

Bei chee, nyeupe pe! Ilikuwa Agosti, mwezi ambao Dar mvua unaisikia redioni. Majirani wakaja kupiga picha.

Novemba wakaja watu wa posa. Mama mdogo hakutaka zulia lake likanyagwe, kwa hiyo wageni wakapangwa barazani, na mshenga, mzee wa kanzu na koti jeusi, akapewa kiti cha heshima, chini ya taji. Mimi nilishika birika la kahawa.

Vuli ikaamka na upepo wa baharini, ule unaopeleka mvua ubavuni, bati lisiweze kumkinga mtu. Jipsamu ikanywa maji kama andazi kwenye chai. Uji mweupe ukaanza kuchuruzika ukutani taratibu, tone moja likatua begani kwa mzee. Akalipangusa kistaarabu, akakohoa.

"Jamani, tumeona ua zuri katika nyumba hii, nasi tumekuja kulichuma..."

Pwaa! Ua likamtua mapajani, na majani yake.

Kimya. Mama mmoja wa upande wao akaanguka kicheko, akajiziba kwa mtandio. Baba mdogo akatazama juu kama mtu anayesubiri maelezo.

Mzee hakukasirika. Kumbe alichonga fremu Keko miaka mingi! Alilichukua lile ua, akalibonyeza, kidole kikazama mpaka kwenye kucha.

"Hii ya darini, bwana. Haijui mvua."

Posa ikaishia hapo, darasa likaanza. Kwa nje, alisema, piga nakshi za saruji, na kizingiti cha chini kiinamie nje ili maji yasilale. Ukipenda mbao, tafuta mkongo au mninga. Mpaini usiotiwa dawa ni kuwaalika mchwa karamu. Na misumari ya kawaida usiguse, chumvi ya huku itaitia kutu iache mistari ya kahawia ukutani. Baba mdogo alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Sasa mahari," mjumbe mwingine akakumbusha.

"Nusu taslimu," akasema baba mdogo, macho dirishani, "nusu mkongo."

Sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia: "Baba! Mahari ni yangu, si ya madirisha!"

Baba mdogo akamwinamia mshenga, akanong'ona: "Lakini umekauka, huo mkongo?"