Babu, Teremka Wakaze

Kwanza tuliweke sawa hili la mzee kurushwa. Hakurushwa. Ile sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mshenga alipaa kama jiwe la manati akatua uani kwa jirani, ni uongo mtupu, na aliyeirekodi ni swahiba wangu mwenyewe. Jina lake nalihifadhi kwa sababu mama yake ndiye anayeniletea futari kila Ramadhani. Mzee hakwenda juu. Mzee alikwenda chini. Tena polepole, na hilo la polepole ndilo linaloninyima usingizi.

Mnaonifuata humu mnaujua ugonjwa wangu. Mpira wa baiskeli, ule wa ndani, tyubu, siwezi kuuona umetupwa nikapita. Mlango wa uani unaojirudisha wenyewe mliuona. Mkanda wa suruali mliucheka, lakini mpaka leo ninauvaa. Na hapa Tanga mpira haukosekani, mji wa baiskeli huu. Fundi wa mtaani kwetu, Ngamiani, ana rundo nyuma ya kibanda chake, tyubu zilizokata tamaa kabisa, zile ambazo kiraka nacho kimezibwa kiraka.

Sasa marehemu bibi alituachia kitanda cha kamba, vile vya teremka tukaze. (Nyie mliozaliwa juu ya godoro: kitanda kikilegea mnateremka, mnakaza kamba, mnapanda tena. Ndiyo maana ya jina.) Kamba zilikwisha kuoza zamani, ikabaki fremu tu, mifumbati miwili (mbao za ubavuni), vitakizo viwili (za kichwani na miguuni), matendegu manne (miguu yenyewe). Mtu mwenye akili zake angekwenda kununua kamba ya mkonge. Mimi nilikwenda kwa fundi nikarudi na tyubu 23.

Fundi alinionya, nisije nikamsingizia. Alisema, "Kijana, huu mweusi si kama ule mwekundu mliokuwa mkikatia manati. Ule ukiuvuta unarudi. Huu ukiuvuta ukauacha hivyo hivyo, unazoea. Na ukiukaza sana utakula mbao." Nikamwambia, "Fundi, wewe ziba pancha."

Nilifanya kazi siku nne. Tyubu ya baiskeli namba 28 ukiikata pale kwenye vali unapata mkanda wa kama mita 2. Unaupasua katikati kwa mkasi, unapata miwili, na ile poda nyeupe iliyomo ndani inakurukia mpaka unafanana na muuza maandazi. Nikasuka, nikakaza. Nikiuvuta mpira mpaka unalia nyiii, ndipo napiga fundo. Vali moja sikuikata, niliiacha ining'inie pembeni kama pambo. Ikumbukeni hiyo vali.

Kilipokamilika nikakikalia. Kinanesa! Nina kilo 54, nikajiona Sultani. Watoto wa mtaa wakakirukia wiki tatu nzima, nami nikawaacha, nikisema wanakijaribu. Kumbe usiku na mchana ule mpira ulikuwa unaivuta mifumbati kwa ndani, kidogo kidogo, na mbao zenyewe ni za umri wa bibi.

Jumapili iliyopita wakaja watu kumposa mdogo wangu wa kike. Tuliambiwa watakuja watano. Wakaja kumi na mmoja. Viti vya plastiki tulikuwa navyo vinane. Mnaona hesabu inapoelekea.

Mama akanivuta pembeni: "Lile dude lako lilete barazani, lakini tandika mkeka juu." Nikamjibu, na maneno haya nataka yaandikwe kwenye kaburi langu, "Mama, acha watu waione kazi."

Tena asubuhi yake nilikuwa nimeipaka mipira yote dawa ya viatu. Nyeusi. Ili ing'ae.

Mshenga wao ni mzee mmoja mpana, mwenye heshima zake, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Nikampa shikamoo, nikamshika mkono, nikamwambia, "Mzee, karibu hapa katikati, pananesa." Pembeni yake akakaa baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa upande wetu. Swahiba wangu alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mbele yao kabisa, mahali pazuri pa kuonea.

Mzee alipokaa, kitanda kilisema "mmh." Mimi nilikisikia. Mzee naye alikisikia, akanitazama, akaona nimetabasamu, akaamini.

Akaanza. Mnajua wazee wa pwani kwenye posa, hawafiki kwenye jambo mpaka wapitie bustanini. Salamu, dua, shukrani. Alipofika kwenye "tumepita tukaona ua," alikuwa bado ana kimo cha mtu aliyekaa. Alipofika kwenye "likatupendeza," magoti yake yalikuwa yamelingana na kifua. Hakuna aliyesema kitu. Baba mdogo alikuwa ameanza kumtelezea, maana mpira ukishuka katikati, wa pembeni naye anafuata, akawa ameshikilia mfumbati kwa mkono mmoja huku akiitikia, "Naam, naam." Mabega yao yakagusana. Kisha mashavu karibu yagusane. Watu wazima wawili ambao hata hawajafahamiana, wamebanwa kama ndizi kwenye tenga, na kila mmoja anajifanya ndivyo alivyokusudia.

Mkononi mzee alikuwa na bahasha ya posa. Kadiri alivyozidi kwenda chini, ndivyo alivyozidi kuiinua, kama mtu anayevuka mto na nguo zake kichwani.

Na hapo, wallahi sitii chumvi, akasema: "Kwa hiyo, ndugu zetu, sisi tumekuja kujishusha kwenu."

Swahiba wangu akakohoa. Haikuwa kikohozi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na birika la kahawa. Nilikuwa naona ambacho wao hawakioni: ile mifumbati miwili ikipinda na kusogeleana kama milango ya daladala. Nafasi kati ya makalio ya mzee na saruji ilikuwa imebaki kiganja kimoja. Nikaanza kumwomba Mungu mzee afupishe. Mzee akasema, "Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe..."

Ndipo mtoto wa jirani, miaka sita, aliyekuwa ameshika nguzo ya baraza ananyonya embe, akatoa embe mdomoni akasema kwa sauti ya kusaidia kabisa: "Babu, teremka wakaze."

Baraza zima likajing'ata midomo. Mzee akageuza shingo kumtazama mtoto. Ni kule kugeuka, nadhani. Fundo la kwanza likaachia. Paa! Na ile vali, pambo langu, ikaja moja kwa moja ikanipiga kwenye mdomo wa juu. Nikaachia birika. Fundo la pili, paa! La tatu, la nne, paa paa paa, kisha mfumbati wa kushoto ukakatika kwa sauti ambayo bibi huko aliko lazima aliisikia.

Sasa kuna jambo hamkuambiwa kwenye ile sauti. Ndani, nyuma ya pazia, shangazi alikuwa amewapanga wanawake: wanaume wakishakubaliana watapiga makofi, mkisikia makofi tu, pigeni vigelegele. Wakasikia paa paa paa.

Nyie! Vigelegele vilivyotoka mle ndani! Dakika nzima. Na mtu akaanza kupiga sinia.

Barazani hakuna anayepumua. Mzee yuko sakafuni, miguu iko juu ya kitakizo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, bahasha bado iko juu. Baba mdogo yuko kifuani kwake. Kahawa inapita katikati ya watu taratibu ikitafuta mahali pa kwenda. Na ndani wanaimba.

Mzee akangoja vigelegele viishe. Akaweka kofia sawa. Kisha akasema kwa utulivu, kutoka pale pale chini, "Nashukuru kwa kutukubalia."

Baba mdogo alikuwa amejipanga kusema tupeni wiki mbili tutawajibu, kama desturi ilivyo. Utasemaje hivyo na sinia linalia?

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Walimnyanyua watu wanne. Alipogeuka, ile kanzu kwa nyuma ilikuwa imechorwa mistari myeusi, imesukwa vizuri kabisa, sasa kazi yangu ndiyo ikaonekana. Alikwenda kuswali Magharibi na kanzu ya baba inayomfika chini kidogo ya magoti. Mahari ilipotajwa, baba mdogo hakuongeza hata shilingi, alikuwa anaangalia kanzu. Mdogo wangu ameposwa salama, ila hasemi nami. Mdomo wangu umevimba, na mtaani sasa naitwa Injinia.

Mzee mwenyewe hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Kumbe alifanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi. Wakati wa kuondoka alinishika bega, akaninong'oneza, "Mwanangu, mkonge ulianza kupandwa Pangani mwaka 1893. Umeenea mkoa mzima. Wewe hukuuona?"

Kanzu ninayo mimi, natakiwa kuirudisha kabla ya Ijumaa. Nimejaribu sabuni ya mche, ikageuka kijivu. Nimejaribu limau na chumvi, nikaianika juani. Jana nimepitisha mafuta ya taa kwa pamba, mistari minne imetoka, imebaki mitatu, na sasa inanuka kama kibatari. Mwenye kujua kinachotoa dawa ya viatu kwenye kitambaa cheupe aje kwenye ujumbe wa siri, na mwenye kutaka kucheka tu aende kwa swahiba wangu, kule ni bure.

Halafu leo asubuhi kaja kijana katumwa na mke wa mshenga. Nikajua ndiyo kanzu. Kumbe mama huyo amesikia nina mipira iliyobaki, anaomba kidogo, mlango wa banda lake la kuku haujifungi. Nimempa mikanda miwili, mirefu. Nimeifuta kwanza.