Kabla ya kupima udongo, waulizeni watu walivyoishi

Kuna kauli inanikera kila nikiisoma kwenye ripoti za maeneo yenye taka za nyuklia, eti vipimo viko ndani ya kiwango salama. Salama kwa nani, na kwa mwaka gani?

Chukua Coldwater Creek, kile kijito cha kaskazini mwa St. Louis kule Marekani. Taka za urani ya mabomu (sehemu ya madini yenyewe ilitoka Shinkolobwe, Congo, na hao wachimbaji wanastahili makala yao peke yao) zilianza kurundikwa karibu na uwanja wa ndege 1946, nje kabisa, mvua na upepo vikazishusha kijitoni na watoto wakacheza humo miaka na miaka.

Sasa mle kuna thoriamu-230, aina ya metali yenye mionzi. Hii inatoa hasa miale ya alfa, ambayo hata karatasi inaizuia, kwa hiyo mtu akipita juu ya nyasi na mashine ya kupima gamma (miale mingine, ile inayopenya mbali) anaweza akasoma namba ndogo, akaandika, akaondoka. Lakini mtoto anachimba lile tope, linajaa kwenye kucha, anashika mkate na mikono hiyo hiyo, likikauka linakuwa vumbi analivuta, na ikishafika kwenye mapafu na mifupa hakuna karatasi ya kuizuia tena. Hiyo ndo njia madhara yanapoingilia, na mashine ya juu ya nyasi haiioni!

Ilipofika 2019 ndo taasisi ya serikali ikaandika kwamba waliocheza au kuishi pale miaka ya 1960 hadi 1990 huenda wana hatari zaidi ya saratani ya mapafu, mifupa na damu. Sheria ya fidia ikaja 2025. Wangapi walishazikwa?

Haya, nakubali, sio kila saratani imeletwa na taka, mionzi ya asili tunayo wote. Ila mtaa mdogo hauwezi kutoa wagonjwa wa kutosha kutikisa takwimu, na aliyehama akaugua mbali hahesabiwi kabisa, halafu watu wanaambiwa hakuna ushahidi.

Mimi naomba mpimaji aanze kwa kukaa na mama mmoja wa pale, huyo mama amwambie watoto walikuwa wanachezea wapi, bustani ya mboga ilikuwa upande gani, na kijito kilipofurika maji yalifika mlango wa nani.