Filamu za Kisayansi za Sebuleni

Orodha nyingi za filamu bora za kisayansi huanza na zilezile: meli kubwa za angani, sayari zinazolipuka, majeshi yasiyohesabika. Mtu anaisoma orodha, anaketi sebuleni, anafungua mojawapo kwenye runinga ya kawaida, na baada ya nusu saa simu iko mkononi. Anadhani hana subira, au kwamba filamu imesifiwa kupita kiasi. Mimi namtetea. Ameletewa nyumbani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema. Gravity ya Alfonso Cuarón (2013) ilibeba Oscar saba, na kwenye ukuta wa sinema unaishikilia mikono ya kiti kwa dakika 91 zote. Kwenye skrini ndogo unabaki na hadithi yake peke yake, na hadithi hiyo ni nyembamba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwashangaza watu: ukitazama nyumbani, tafuta filamu ya kisayansi ambayo haina fedha. Mwongozaji asiye na fedha za kulipua sayari hulazimika kuwa na wazo, na wazo halipungui kwa sababu skrini ni ndogo. Tena waigizaji wanaoongea chumbani hupendeza zaidi ukiwa nao chumbani.

Anza na The Man from Earth (2007). Mwalimu wa chuo kikuu anahama baada ya miaka kumi, wenzake wanakuja kumuaga nyumbani kwake, na maboksi tayari yamefungwa. Wanamsumbua: kwa nini unaondoka ghafla? Mwishowe anawaambia, kama mtu anayetania, kwamba ameishi miaka 14,000 na huwa anahama kila watu wanapoanza kugundua kwamba hazeeki. Basi. Kuanzia hapo filamu yote ni mazungumzo mbele ya moto, na samani zinabebwa huku wanaongea, hadi wengine wanakosa pa kukaa. Kilichonishika ni jinsi kila mgeni anavyomshambulia kwa elimu yake. Mwanabiolojia anauliza kuhusu mwili, mtaalamu wa mambo ya kale anauliza kuhusu zana, daktari wa akili anaingia baadaye na kumuuliza maswali ya upole yanayouma kuliko yote. Yeye hatoi ushahidi wowote. Kila jibu lake ni jibu ambalo mtu mwongo aliyesoma sana angeweza kulitoa pia. Mwandishi wake, Jerome Bixby, alimaliza kuiandika karibu na kifo chake mwaka 1998, na filamu ilitengenezwa kwa dola 200,000 hivi, fedha ambazo filamu kubwa huzitumia kwa chakula cha wafanyakazi. Ilienea kwa watu kuigawana kwenye intaneti bila kulipa, na mtayarishaji mmoja, badala ya kuwashtaki, akawashukuru hadharani.

Picha yake si nzuri, nakiri kwa niaba yake. Taa zinaonekana za bei rahisi na muziki unaingia mahali ambapo ungeachwa. Baada ya dakika kumi hutajali.

Coherence (2013) ni ndugu yake mwenye woga. Marafiki wanane wanakula chakula cha usiku, nyota yenye mkia inapita angani, umeme unakatika mtaa mzima isipokuwa kwenye nyumba moja kule mbele. Wawili wanakwenda kuangalia. Sitasema walichokiona, maana nitakumalizia uhondo. James Ward Byrkit aliipiga nyumbani kwake kwa usiku tano, na waigizaji hawakupewa hadithi nzima. Kila mmoja alipokea karatasi yenye mambo yake tu, hajui mwenzake ameambiwa nini. Ndiyo maana wanakatizana maneno na kushtuka kama watu, si kama waigizaji. Itazame usiku na watu wasiozidi watatu au wanne, taa zimezimwa. Ni filamu inayotumia vizuri ukweli kwamba nawe umo ndani ya nyumba.

Kuna na Primer (2004), ya Shane Carruth, aliyeiandika, akaiongoza, akaigiza, akaihariri na kuitungia muziki kwa dola 7,000 hivi. Ilishinda tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Wahandisi wawili wanaunda mashine gereji na wanagundua kwamba inachezea muda. Siipendekezi kwa kila mtu. Hawafafanui chochote, wanaongea lugha ya kazi yao haraka haraka, na katikati utapotea. Kama wewe ni wa kurudisha nyuma na kuchora mistari kwenye karatasi, utafurahi kwa wiki nzima. Kama sivyo, ipite tu, hujapungukiwa na kitu.

Ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili ni Moon (2009) ya Duncan Jones. Sam Bell yuko peke yake upande wa mbali wa Mwezi, anasimamia mitambo inayochimba heli-3 kwa ajili ya nishati ya Dunia. Mkataba wake ni wa miaka mitatu, na zimebaki wiki mbili arudi kwa mke na mtoto. Mwenzake ni roboti iitwayo GERTY, kisanduku kinachoning'inia darini chenye skrini ndogo ya kuonyesha uso wa njano: unacheka, unasikitika, unashangaa. Sasa angalia ujanja. Yeyote aliyewahi kuona mashine yenye sauti ya upole katika filamu ya angani anajua itageuka kuwa adui. Jones anajua kwamba unajua. Kila GERTY inaponyamaza kidogo kabla ya kujibu, unajikuta unamwambia Sam akimbie. Kama hofu yako ilikuwa ya haki au la, filamu inakuachia uone mwenyewe, na jibu lake ndilo lililonifanya niiheshimu. Sam Rockwell anaibeba yote mgongoni. Iligharimu dola milioni 5 hivi, na mitambo inayotambaa juu ya vumbi la Mwezi ni vielelezo vidogo vilivyochongwa kwa mikono, si kompyuta tupu, ndiyo maana vina uzito machoni.

Hapa nisimame kidogo nikugombeze kuhusu runinga yako. Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga za siku hizi zina uwezo wa kuonyesha 60 au zaidi, kwa hiyo nyingi zimewekwa tangu kiwandani zitunge picha za uongo za kujaza katikati. Matokeo yake kila kitu kinateleza mno, na filamu iliyopigwa kwa jasho inaonekana kama tamthilia ya mchana. Mwaka 2018 Tom Cruise alitoa video akiwa kwenye seti, na mwongozaji wake pembeni, akiwaomba watu wazime jambo hilo. Simsikilizi Tom Cruise kwa mengi, lakini kwa hili mtii. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta palipoandikwa habari za mwendo au ulaini, zima. Kama kuna chaguo la hali ya sinema, lichague.

Na sauti: ukumbini maneno ya waigizaji hutoka kwenye spika yake yenyewe katikati ya skrini. Nyumbani kila kitu kinabanwa kwenye spika mbili ndogo nyuma ya runinga, maneno yanazama na milipuko inaamsha majirani. Washa maandishi ya chini bila aibu, hata kama lugha unaijua.

Tukiwa tumeshafika kwenye maandishi ya chini, usikimbie filamu fupi. Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009, ina dakika 20 na kitu na inakujengea dunia nzima. Vita vya maji vimekwisha, juu ya ardhi hakuna uhai, watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa. Jasho linakusanywa na kusafishwa linywewe tena, umeme unatoka kwenye miguu ya watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine, na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyemjua, anautia mbegu, mbegu inaota. Angalia jinsi kila tone la maji linavyothaminiwa humo. Hakuna anayeeleza kitu, na baada ya hapo umeshaelewa mji huo unavyotawaliwa. Iunganishe usiku huohuo na La Jetée ya Chris Marker (1962), dakika 28 za picha za mnato na sauti ya msimulizi, kuhusu mtu anayerudishwa nyuma katika wakati kwa sababu ya kumbukumbu moja ya utotoni. Picha za mnato! Na bado utakaa kimya. Zaidi ya miaka thelathini baadaye ilizaa Twelve Monkeys, ambayo pia si mbaya.

District 9 (2009) ni kubwa zaidi, ila nyumbani haiharibiki, kwa sababu imepigwa kama taarifa ya habari: kamera inatikisika, watu wanahojiwa, mtumishi mmoja mwenye kiherehere anagonga milango ya mabanda Johannesburg akiwataka wageni kutoka anga za juu watie sahihi karatasi za kuhamishwa. Anayeijua historia ya District Six, mtaa wa Cape Town ambao serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha wakazi wake kwa nguvu, ataitambua mara moja. Tatizo lake ni namna ilivyowachora Wanijeria, wote majambazi na washirikina, kiasi kwamba serikali ya Nigeria ilizitaka kumbi ziache kuionyesha. Nawaelewa. Filamu inayohubiri dhidi ya kuwadharau wageni ingeweza kujitazama kidogo kwenye kioo. Naipendekeza pamoja na lawama hiyo.

Sasa kwa wale ambao neno sayansi linawatia usingizi, kipimo ni kilekile: chumba, watu, na jambo linalobishaniwa. 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957) ina dakika 96 na karibu zote zimo ndani ya chumba kimoja chenye joto, ambamo wanaume 12 wa baraza la mahakama wanaamua iwapo kijana amemuua baba yake. Kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anasema tuongee kwanza. Ukiitazama mara ya pili, achana na hadithi uiangalie kamera. Mwanzoni iko juu ya vichwa vyao na chumba kinaonekana kipana. Kadiri ubishi unavyopamba moto inashuka, na Lumet anabadili lenzi ili kuta zisogee karibu, mpaka mwishoni unaona dari na nyuso zimekujazia skrini nzima. Hata jasho linakuhusu. Hii inafanya kazi kwenye runinga ya ukubwa wowote, hata kompyuta ya mapajani.

A Separation ya Asghar Farhadi (2011), ya Iran, inaanza na mume na mke wamekaa wakiitazama kamera moja kwa moja, wakimweleza hakimu kwa nini wanataka au hawataki kuachana. Hakimu haonekani, sauti yake tu. Maana yake umekaa wewe kwenye kiti chake, na kwa saa mbili zinazofuata utabadili hukumu mara kadhaa, kwa sababu kila mtu humo ana haki na kila mtu ameficha kitu. Usiitazame na mtu ambaye mmegombana naye wiki hii.

Kwa upande wa Rear Window ya Hitchcock (1954), sina maneno mengi: mpiga picha amevunjika mguu, amekwama nyumbani, anachungulia madirisha ya majirani mpaka anaona asichotakiwa kuona. Sijui filamu nyingine inayomfaa zaidi mtu aliyekaa kitini anatazama maisha ya wengine kupitia kidirisha cha mwanga.

Watoto wakiwepo, WALL-E (2008). Karibu nusu yake ya kwanza haina mazungumzo ya maana, ni roboti mdogo anapanga takataka duniani na kukusanya vitu vinavyomvutia, kwa hiyo mtoto asiyejua kusoma maandishi ya chini haachwi nyuma. Wakubwa watacheka pungufu kidogo wakiona wale binadamu wanene wanaoelea kwenye viti, skrini mbele ya pua. Alien (1979) nayo ni nzuri mno, na bora zaidi kwa sababu wafanyakazi wa meli ile ni vibarua wanaolalamikia marupurupu, lakini ngoja watoto walale fofofo.

Zimebaki zile kubwa ambazo utazitaka tu, hata nikisema nini. Blade Runner (1982) ina matoleo kadhaa. Chukua lile la 2007 ambalo Ridley Scott alilisimamia mwenyewe, uepuke la kwanza ambamo Harrison Ford anasimulia kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Funga mapazia, kwa sababu ni filamu ya giza na mvua, na mchana utaona sura yako kwenye kioo kuliko kumwona yeye.

Na 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968) iwekee siku yake. Dakika kama 25 za mwanzo hakuna anayesema neno, kwa hiyo simu ziwe chumba kingine. Sehemu ya mwisho inahitaji ukumbi, sikatai. Lakini kiini chake kinatosha kabisa sebuleni. Wanaanga wawili hawaiamini tena kompyuta yao, HAL 9000, wanajifungia ndani ya chombo kidogo ili wajadili jinsi ya kuizima bila kusikiwa. Kupitia dirisha la duara tunawaona wakiongea, na jicho jekundu la HAL liko nje linatazama. Kisha sauti inakatwa kabisa. Kamera inakwenda kwenye mdomo wa mmoja, inarudi kwenye mdomo wa mwingine, inakwenda, inarudi, na taratibu unatambua kwamba haya si macho yako. Mapumziko yamewekwa humohumo ndani ya filamu, mara tu baada ya hapo. Yatumie kunyoosha miguu na kujaza glasi, maana kipande kinachofuata hakitakupa nafasi ya kuinuka.