Punda Wangu Katundikwa Ukutani

Shemegi yangu ni mwalimu, akaa Nakuru. Aliingia Lamu Ijumaa na begi moja na kofia ya majani, na hata chai hajaimaliza ashauliza: "Shemegi, nyumba za sanaa ziko wapi?" Nikacheka. Lamu hii? Ukianza kupiga chafya Langoni, wamalizia Mkomani. Nikamwambia nusu saa tu, tutarudi samaki hajaiva. Samaki yule tulikuja kumla usiku, baridi, na mke wangu hakuniuliza hata nilikuwa wapi. Mwanamke asipouliza, jua mambo yameharibika.

Tulianzia Ngome. Pale nje ndipo ningojapo mzigo na punda wangu siku zote, lakini ndani sijaingia tangu niko shule. Shemegi kasoma kila kibao: ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baadaye ikafanywa jela mpaka 1984. Mzee mmoja barazani akasema ami yake alikaa humo miezi sita kwa kesi ya mbuzi, na hakutozwa kiingilio. Mimi nimetozwa.

Makumbusho tukakuta siwa mbili, yale mabaragumu ya zamani, ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ya shaba ya hapa kwetu. Shemegi akanigeukia: "Inapigwaje hii?" Sasa mimi Mwamu, mwana wa Mwamu, nitasema sijui mbele ya mtu wa Nakuru? Nikashika kiuno nikamwambia, "Yataka pumzi." Sikusema uongo. Tukapita na ile posta ya Wajerumani. Walifungua 1888, wakafunga 1891, na shemegi nilidhani atakaa humo kuwapita wenyewe.

Hayo yote nayafahamu, ni vitu vya wazee. Matatizo yalianza tulipoingia vichochoroni, kwenye hizo nyumba za sanaa zenyewe.

Ya kwanza, chumba cheupe pe, hakuna kitu. Ukuta mzima una ubao mmoja na taa yake. Nikausogelea. Huu ubao naujua! Si huu wenyewe, lakini ndugu zake nawajua: ubao wa mashua iliyokufa. Pamba ya kalafati bado yaning'inia kwenye ungio, matundu ya misumari yametoa kutu rangi ya chai ya rangi, na ukikaribia wanuka sifa, ile harufu ya mafuta ya papa isiyotoka hata ukifa. Kwangu ubao kama huu wachemshia maharagwe, na mke wangu hulalamika kwamba watoa moshi. Hapa una jina. Waitwa "Safari". Kijana wa pale akaja kunielezea kwa kunong'ona. Kwa nini twanong'ona? Kuna mgonjwa?

Ya pili, tanga. Tanga kuukuu lililokatwa vipande, juu yake wamechora majahazi. Shemegi akauliza bei, kijana akasema kubwa hili ni ghali kidogo kwa sababu lina viraka vya asili. Nilitazama kikoi changu. Kina viraka vitatu vya asili kabisa, na juzi nimekatazwa kwenda nacho harusini.

Wacha nifupishe habari za Shela, kijiji cha jirani. Shemegi kasikia huko nako kuna picha, maji yalikuwa yamejaa, tukapita kando ya ukuta kandambili mkononi, na bei zilikuwa zimejaa kuliko maji. Tukarudi.

Basi tuko karibu na nyumbani, nishaanza kunusa samaki wangu, shemegi akachungulia mlango mmoja wa mwisho. "Shemegi, njoo uone punda mzuri huyu!"

Nikaingia. Subhanallah. Ni Kamanda! Punda wangu! Sikio la kushoto limekatwa ncha, alipigana na punda wa jirani mwaka wa njaa ya majani. Alama yangu begani. Kasimama kwenye kona ya Langoni na magunia mawili ya mchanga, miguu ya nyuma kaikita kwa ile namna yake ya kugoma, ile siku aliyonisimamisha saa nzima nikimbembeleza kama bibi harusi. Mchoraji alikuwepo! Kumbe yule mtu aliyekaa barazani na daftari, niliyemwomba anisaidie kusukuma akanitabasamia!

Nikauliza bei. Elfu arubaini na tano.

Kamanda mwenyewe, mwenye pumzi, mwenye kula, nilimnunua kwa deni, na hakufika nusu ya hiyo. Tena huyu wa ukutani hali, hagomi, hanyi mlangoni kwa watu. Nikamwambia kijana huyu ni punda wangu. Akafurahi sana, akaniomba nisimame kando ya mchoro anipige picha kwa simu. Nikadhani yaja hela. Ilikuja picha.

Shemegi akatoa pesa. Hakupunguza hata shilingi! Mtu aliyebishania mandazi asubuhi pale sokoni mpaka muuzaji akamwongezea moja ili aondoke!

Jumapili ndiyo safari yake. Boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, yaondoka alfajiri, ili awahi basi. Picha imefungwa kwenye boksi kubwa, yeye mwenyewe hawezi kuibeba. Nikamleta Kamanda, nikaipakia kwa adabu zote, punda kajibeba mwenyewe kuteremka gatini. Tulipofika nikamwambia, "Shemegi, mia tatu tu."

"Mia tatu?" Akashika kifua. "Kwa hapo hapo? Shemegi, sisi si watu wa nyumbani?"

Tukabishana. Mia mbili na hamsini. Mia mbili. Nahodha apiga kelele maji yatoka. Tukakubaliana mia na hamsini, akageuka kuchukua boksi, na Kamanda alikuwa ashakula pembe moja, yuatafuna taratibu, macho kayafumba.