Funga Macho, Mama Mkubwa

Wiki iliyopita nilirudi Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, na karatasi ya matokeo ya mtihani wa kumbukumbu wa Mama Mkubwa mfukoni, na hadi leo hasira haijanitoka. Kwenye karatasi hiyo daktari ameandika alama 17 kati ya 30, na chini yake neno moja la Kifaransa: démence, yaani demensia, ugonjwa wa kupotewa na akili. Huyo ni Mama Mkubwa ambaye hakupelekwa shule hata siku moja, na ambaye aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni kwa zaidi ya miaka 30 bila daftari.

Kwamba anasahau, sikatai. Juzi aliacha maharagwe kwenye mbabula, jiko la makaa, hadi yakaungua yote, na swali moja huweza kuniuliza mara nne kabla chai haijapoa. Hata hivyo, jioni ile ile nilimuuliza ni nani bado ana deni lake. Akawataja wanawake watatu, kila mmoja na kiasi chake, na nilipowapigia simu wote walikubali. Anavaa mwenyewe, anapika, anakwenda misa ya asubuhi na kurudi peke yake. Mwaka 1999, Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walieleza hali ya namna hii: kumbukumbu imepungua kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mtu, lakini mtu huyo bado anajimudu katika shughuli zake za kila siku. Huo ni upungufu mdogo wa utambuzi, nao haujawa demensia.

Tuutazame mtihani wenyewe, ule uliotungwa na daktari wa akili Folstein na wenzake mwaka 1975. Alama 5 ni za kutaja herufi za neno la Kifaransa monde (dunia) kuanzia mwisho. Alama 1 ni ya kusoma amri iliyoandikwa, «Fermez les yeux», yaani «Funga macho», na kuitii. Alama 1 ni ya kuandika sentensi, na 1 nyingine ni ya kunakili michoro miwili ya pembe tano iliyopandana. Jumla ni alama 8, na zote zinamtaka mtu aliyezoea kalamu. Mama Mkubwa angejibu yaliyobaki yote bila kosa, bado angepata 22, wakati mpaka unaotumika mahali pengi ni 24, na aliye chini yake hudhaniwa kuwa na tatizo. Maana yake ni kwamba alikuwa ameshindwa kabla hajaketi kitini. Tunawapima mama zetu shule waliyonyimwa utotoni, kisha tunawaandikia kwamba wamepoteza akili. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Nilimkumbuka mtoto wa dada yangu mwenye kifafa, tulipompeleka kupimwa EEG, kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo. Fundi alimpaka dawa nzito kichwani, akabandika nyaya moja moja, kisha akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: «Funga macho.» Papo hapo mistari kwenye kioo ikageuka kuwa mawimbi yaliyopangika vizuri. Hayo ni mawimbi ya alfa, aliyoyaeleza Hans Berger wa Jena, Ujerumani, mwaka 1929, nayo huonekana kwa aliyesoma na kwa asiyesoma. Amri ni ile ile ya kufunga macho, ila hapa hakuna anayelazimika kuisoma.

Kwa watu wenye upungufu mdogo wa utambuzi, kama ninavyomwona Mama Mkubwa, tafiti nyingi zimeona alfa, yenye mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde, ikififia, na mawimbi ya theta, yaliyo ya polepole zaidi, yakiongezeka. Linalonigusa zaidi ni mawasiliano yenyewe: sehemu za ubongo zilizo mbalimbali, ambazo mawimbi yake yalikuwa yakienda pamoja, huanza kuachana mwendo, kama wanawake wawili wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, ambao nguvu bado wanazo ila zamu zimewapotea.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba EEG peke yake haitoshi kumwambia mtu mmoja kwamba ana ugonjwa. Matokeo ya tafiti hayalingani, kwa kuwa nyingine zimeona mawasiliano yakiongezeka. Nyaya mbili zaweza kunasa chanzo kimoja, ikadhaniwa kwamba sehemu mbili zinazungumza. Usingizi nao hubadilisha picha. Isitoshe, waliopimwa wengi ni wa Ulaya, Marekani na Asia. Wazee wa mitaa yetu ya Kadutu na Bagira hawamo katika hesabu hizo, na hilo ni pengo ambalo vyuo vyetu vingeweza kulijaza kwa mashine ambazo tayari zinawapima wenye kifafa.

Tumepewa tarehe ya kurudi mwezi ujao. Nitamwomba daktari amuulize Mama Mkubwa kwa Mashi, lugha yake ya nyumbani, amchunguze masikio, na apime kwanza damu yake, vitamini B12 na tezi ya shingo, kwa sababu hayo pia huleta usahaulifu, na yanatibika. EEG ikifanyika, nitamsihi aihifadhi katika faili, ili mwakani Mama Mkubwa alinganishwe na yeye mwenyewe.