Malalamiko ya Mchezaji wa Baada ya Isha

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, mtu mzima mwenye mke, watoto, madeni ya vitambaa na kompyuta moja ya mtumba, na lalamiko langu ni kwamba wanaotengeneza michezo ya mtandaoni wamekwisha kuamua kuwa mtu asiye na muda ni mtu asiye na akili. Baada ya sala ya isha, watoto wakishalala na umeme ukiwa umeridhia, ninapata saa moja, na siku ya heri saa moja na nusu, ya kukaa mbele ya mchezo wangu wa mapanga na mazimwi, ambao jina lake nitalisitiri kwa kuwa bado nina mali yangu mle ndani. Katika saa hiyo sihitaji kubembelezwa. Ninahitaji adui wa maana anipige, nifikiri, nami nimpige. Badala yake ninapewa ama mazimwi yanayokufa ukiyatazama tu, ama ngome ya wakubwa ambayo mlango wake haufunguki mpaka uwe umevaa deraya inayopatikana kwa kuchimba madini tangu Ramadhani hii hadi Ramadhani ijayo.

Nyumbani kwangu yupo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo, ambaye ni mmoja wa magwiji. Kila asubuhi ananipa shikamoo kwa adabu zote, na kabla marahaba haijanitoka vizuri ananieleza kwamba mchezo umeharibika kwa sababu ya watu kama mimi. "Mjomba," huniambia, "zamani watu waliteseka." Hulisema hilo kwa sauti ya mtu aliyejenga reli ya kwenda Korogwe kwa mikono yake mwenyewe, ilhali anayasema akiwa amelala chali kwenye kochi langu, akitumia bando langu.

Ushahidi wake mkubwa ni World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa mapanga na mazimwi uliotoka mwaka 2004, wakati yeye mwenyewe alipokuwa bado ananyonya kwa dada yangu kule Muheza. Katika miaka yake ya kwanza, ngome iitwayo Molten Core iliingiwa na kikosi cha hadi watu 40, wote mtandaoni kwa wakati mmoja, kila mmoja na kazi yake, na zimwi la mwisho, Ragnaros, lilichukua miezi kabla halijaangushwa kwa mara ya kwanza. Mpwa husimulia habari hizi machozi yakimlengalenga. Mimi ninachokisikia ni watu 40 kwa wakati mmoja. Hapa Tanga sijapata kuona kikao cha harusi cha watu 40 kikianza kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi, na kile kina pilau.

Kisha angalia yaliyotokea mwaka 2019, kampuni ilipoufufua mchezo ule wa zamani kwa ajili ya hao hao waliokuwa wakiulilia: wakongwe walirudi kwa wingi, na Ragnaros yule yule akauawa kabla wiki ya kwanza haijaisha. Ni kweli kwamba safari hii walikuwa na maarifa ya miaka mingi vichwani, na toleo lililofufuliwa lilikuwa limekwisha kurekebishwa mara nyingi. Lakini hata ukitoa hayo yote, utabaki na hesabu kwamba sehemu kubwa ya ugumu ule unaoimbwa ilikuwa kukusanya watu, kukusanya vifaa na kutojua, wala haikuwa upanga wenyewe. Nilipomwambia hivyo mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kukusanya watu nako ni kipaji. Sikumjibu, maana anayeyasema hayo hajawahi kukusanya hata sahani alizolia.

Watengenezaji nao, walipotuhurumia, walituhurumia vibaya. Mwaka 2011 mchezo huo huo ulileta utaratibu wa mashine kuwakusanya watu wasiojuana na kuwaingiza katika ngome iliyolegezwa, ili na sisi wa jioni tuuone mwisho wa hadithi. Tuliuona, na shukrani tunatoa, lakini tulipitishwa mle kama watalii katika Mapango ya Amboni, tukaonyeshwa hiki na kile, na hakuna aliyetakiwa kufikiri. Jambo la maana lilikuja mwaka 2016, nalo ni dogo mno kulieleza: ngome fupi ya watu 5, saa inayohesabu, na ufunguo ambao ukimaliza ndani ya muda unapanda daraja, na kila daraja linalopanda mazimwi yanazidi ukali. Mtu wa daraja la 2 anatoka jasho lake, gwiji anatoka jasho lake mbali huko juu, na wote wawili wanaweza kumaliza kabla wake zao hawajauliza taa itazimwa saa ngapi. Ninachokidai mimi ni hicho tu: nifupishiwe, nisilegezewe.

Hapa niseme neno la haki juu ya mchezo huo, kwa kuwa fundi hupimwa kwa mshono mzuri pia. Inasimuliwa na wenyewe kwamba walipokuwa wakiujaribu kabla ya kuutoa, waliweka sheria ya kumpunguzia pointi za uzoefu, zile zinazomkuza mchezaji, mtu anayecheza mfululizo, na wachezaji wakaja juu. Basi wakaigeuza maneno: aliyepumzika anapata pointi maradufu kwa muda, kisha anarudi kwenye kiwango cha kawaida. Watu wakafurahi. Ndiyo sheria pekee ninayoijua hapa duniani inayomlipa mtu kwa kulala, na niliposomea nyumbani habari zake mke wangu aliniuliza kwa nini dukani kwangu nimeanza kuifuata bila kutangaza.

Michezo ya kupigana kwa bunduki ina balaa lake lingine. Huko wanajitahidi kukupambanisha na mtu wa kiwango chako, kwa hesabu ambazo chimbuko lake ni za Arpad Elo, mwanafizikia aliyebuni njia ya kuwapima wacheza sataranji, ambayo shirikisho la dunia la mchezo huo liliikubali mwaka 1970. Hesabu hazina kosa. Kosa ni la gwiji anayechoshwa na wenzake, akafungua akaunti mpya, akajifanya mgeni na kuja kutuchinja sisi wa chini huku akicheka. Katika sataranji mtu huyo angetambulika kwa sura. Huku anaitwa jina lenye alama tatu za fuvu, na hana sura.

Dawa waliyoipata baadhi ya wenye michezo hiyo ya bunduki ni kutuchanganyia maroboti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta. Fortnite walifanya hivyo waziwazi mwaka 2019, na sina ugomvi nao, kwa kuwa walisema. Mchezo wa bunduki nilioushika mimi haukusema. Usiku mmoja niliibuka mshindi kati ya watu wote, nikamwamsha mke wangu, nikamwita na mpwa aje ashuhudie kile ambacho mjomba wake anaweza. Alitazama marudio kwa utulivu wa daktari. "Mjomba, huyu uliyemuua hapa alikuwa anautazama ukuta." Nikamwambia labda alikuwa anatega. "Na huyu?" Huyo alikuwa anazunguka mti. Mke wangu aliuliza kama anaweza kurudi kulala, na alipoondoka aliniita bingwa, kwa namna ambayo heri angenitukana.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili wazee wa barazani walilimaliza zamani, bila kompyuta. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hizo hazibadiliki kwa yeyote. Mtoto anaanzishwa na bao la kujifunza, ambapo kete zote zimekwisha kutandazwa, mbili mbili kila shimo, naye anaanza moja kwa moja. Akikomaa anahamia bao la Kiswahili, lenye nyumba yake, shimo moja maalumu, na kete za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja, zilizobaki mkononi, ambapo kichwa kinauma kweli. Hakuna mzee aliyejigeuza zuzu ili mtoto ashinde, na hakuna aliyemwambia mtoto akachume kwanza maembe mwaka mzima ndipo aruhusiwe kugusa kete. Mtoto akifungwa, amefungwa na mtu anayemtazama machoni. Magwiji wa bao nao hawajawahi kulia kwamba bao la kujifunza limewashushia hadhi, kwa sababu hadhi yao inaonekana mara tu wanapokaa.

Kwa hiyo sina nia ya kuwanyang'anya wakina mpwa ngome zao. Wapewe mazimwi yenye vichwa saba, wapewe na mavazi yanayowaka usiku, maana gwiji asiyeonekana ni gwiji mgonjwa, na mimi mavazi ninashona mwenyewe. Juu ya wale wanaonunua nguvu kwa pesa sitasema kitu, kwa kuwa presha yangu daktari ameniambia niitazame.

Juzi kampuni ya mchezo wangu ilituletea dodoso. Swali lilikuwa moja: je, mchezo ni mgumu mno, au ni rahisi mno? Sikuona jibu langu, nikashuka hadi kwenye nafasi ya maoni, nikaandika kwa Kiswahili sanifu na kwa kirefu, nikiweka mpaka habari za kunamua, na saa yangu nzima ya usiku ule ikaishia hapo. Nilipotuma nilishukuriwa kwa ujumbe wenye fataki na kuzawadiwa kofia ya nahodha, nyekundu, yenye unyoya wa tausi, ambayo haivaliki mpaka mchezaji awe amemaliza ngome ya wakubwa. Mpwa anayo. Ameivaa tangu jana, na dodoso lenyewe hakulijaza.